Tumezoea habari za watoto kuteketea mabwenini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji nizungumzie jambo ambalo limekuwa likinikereketa tangu Septemba 2024, wavulana 21 wa shule ya Hillside Endarasha Academy, Kaunti ya Nyeri, walipoaga dunia kutokana na moto uliowaka bwenini mwao usiku wa tarehe 5 mwezi huo. Yaliyotokea usiku ule yameshaelezwa na wanahabari kwa kirefu, na sina jipya la kuongeza. Ninalotaka kulisema linatuhusu sisi tuliozisoma habari zile: tumezizoea. Na mazoea yetu ni magumu kuyatambua, kwa sababu yamejaa machozi, sala na rambirambi, na kwa macho ya mgeni yangeonekana kuwa ndiyo huruma yenyewe.

Hakuna anayeweza kusema kwamba Wakenya hawakuguswa. Rais William Ruto alitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa kuanzia Jumatatu ya tarehe 9, bendera zikapepea nusu mlingoti, makanisani na misikitini watu wakaomba dua, na katika makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya kazini na ya chama, picha za mishumaa zikafuatana mpaka mtu akashindwa kuuona ujumbe mwingine wowote. Sura za wazazi waliokesha nje ya lango la shule wakisubiri kuambiwa watoto wao wako wapi zilisambaa nchi nzima. Lakini mwulize mmoja wa wale waliotuma mshumaa ni wasichana wangapi waliofariki katika bweni la Moi Girls, Nairobi, mwaka 2017, na kesi yake iliishia wapi, uone kama atakuwa na jibu. Tena kabla hizo siku tatu hazijaanza, Jumamosi ya tarehe 7, bweni jingine liliwaka Isiolo Girls. Hakuna aliyekufa, na kwa kuwa hakuna aliyekufa habari hiyo ikapita kama upepo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule za upili hapa Pwani, na hesabu yangu ya mikasa hii haianzii Endarasha. Inaanzia Julai 1991 katika shule ya St Kizito, Meru, ambako wavulana waliwavamia wasichana usiku, wasichana wakakimbilia bweni moja na kusongamana humo, 19 wakafa na wengine 71 wakabakwa. Hapakuwa na moto pale, lakini palikuwa na jambo ambalo lingejirudia: watoto wengi mno ndani ya chumba kisicho na pa kutokea. Machi 1998 ukafuata moto wa bweni katika shule ya wasichana ya Bombolulu, wilaya ya Kilifi ya wakati huo, tukawazika wasichana 26. Mei 1999 viranja wanne wa Nyeri High walifungiwa chumbani mwao na wanafunzi wenzao, wakamwagiwa petroli na kuchomwa. Machi 2001, mwezi uleule wa Bombolulu miaka mitatu baadaye, ikawa zamu ya Kyanguli, Machakos: wavulana 67, idadi ambayo hakuna moto mwingine wa shule nchini uliowahi kuifikia. Wengi wao walizikwa katika kaburi la pamoja palepale shuleni. Septemba 2017 Moi Girls, wasichana 10. Kisha Endarasha. Ng'ambo ya mipaka yetu nako kuna Shauritanga ya Rombo, Tanzania, mwaka 1994, ambako zaidi ya wasichana 40 waliteketea, na Byamungu ya Kyerwa mwaka 2020. Uganda kuna Budo Junior ya mwaka 2008 na shule ya wasioona ya Salama, Mukono, mwaka 2022. Nimeruka nyingi.

St Kizito ilibadilishwa jina ikaitwa St Cyprian. Kyanguli ikaongezewa neno la ukumbusho katika jina lake. Kibao cha lango ni rahisi kukibadilisha.

Ukiziweka habari za Bombolulu na za Kyanguli pamoja, utadhani mwandishi ni mmoja aliyebadilisha majina tu. Bweni limejaa kupita kiasi. Madirisha yana vyuma. Mlango mmoja umefungwa, na ule uliobaki unapaswa kuwapitisha watoto wote kwa mkupuo mmoja, gizani, moshi umeshatanda. Na katika moto wa ndani ya nyumba moshi ndio unaotangulia kuua, kwa hiyo mtoto aliyelala kitanda cha juu, karibu na dari ambako moshi hujikusanya, huenda asiamke kabisa. Baada ya Kyanguli serikali iliunda jopokazi chini ya Naomy Wangai lichunguze utovu wa nidhamu na migomo shuleni, na mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikachapisha mwongozo wa viwango vya usalama wa shule. Niliusoma mwongozo huo kwa sababu ya kazi, na naweza kushuhudia kwamba haukuacha kitu. Mlango wa bweni uwe na upana usiopungua futi 5, ufungukie nje, wala usitiwe kufuli wakati wanafunzi wamo ndani. Pawe na mlango kila mwisho wa bweni, na mwingine wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi ya mita 1.2, na ujia wa katikati uwe wa mita 2. Hayo yaliandikwa miaka 9 kabla ya Moi Girls na miaka 16 kabla ya Endarasha, ambako bweni moja lilikuwa likilaza wavulana zaidi ya 150.

Msomaji ambaye hajafanya kazi shuleni anaweza kudhani kwamba walimu wakuu ni watu wasiojali. Nawajua, nimeketi nao vikaoni miaka mingi, na wengi wao wanawapenda watoto wale kama wao wenyewe. Vyuma vya dirisha vina sababu: godoro huibwa, blanketi huibwa, na katika shule za wasichana kuna wavulana wa kijijini wanaojua kupanda ukuta. Kufuli nayo ina sababu. Mwanafunzi anayeruka ua usiku kwenda disko matanga ni tatizo la kila wiki, na mzazi wake atakuja juu kesho yake asubuhi, ilhali moto ni jambo ambalo mwalimu mkuu anaweza kustaafu bila kuliona hata mara moja. Bombolulu ilipotokea nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya bweni si mbali sana na hapo. Wiki ile tulikaa kikao, tukakubaliana vyuma ving'olewe, fundi akaitwa akapima madirisha, akatoa gharama. Kisha mitihani ikakaribia, likatokea suala la maji, na muhula uliofuata wizi wa magodoro ukarudi. Vyuma nilivikuta vikiwa palepale mpaka siku nilipohamishwa. Hapakuwa na aliyeamua vibakie. Hakuna mzazi aliyeuliza, hakuna mkaguzi aliyekuja, wala gazeti halikuandika tena neno Bombolulu.

Hapo ndipo ninapoyaona mazoea yenyewe, Mhariri. Mwalimu mkuu hupima hatari mbili kila siku, ile ndogo inayomjia kila wiki na ile kubwa inayokuja mara moja katika miaka mingi, na kitu pekee kinachoweza kuipa uzito ile kubwa ni kujua kwamba umma unakumbuka na utauliza. Umma usipouliza, kufuli hushinda.

Si zamani sana nilimsindikiza mjukuu wangu kuripoti katika shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Tulikuwa wazazi na walezi wengi, kila mmoja na sanduku lake la chuma, godoro, ndoo na karatasi za fomu. Karani wa fedha alizihakiki risiti zetu za benki mara mbili, akazipiga mhuri, akazitoboa na kuzipanga katika faili kwa utaratibu ambao kwa kweli nilivutiwa nao. Kisha tukaelekezwa bwenini. Vitanda vya ghorofa vilikuwa vimesogezwa hata ikanibidi kupita kiubavuubavu kumfikia kijana wangu, na mlango wa upande wa pili wa bweni ulikuwa umezibwa na vitanda viwili pamoja na masanduku yaliyopandana hadi usawa wa kifua. Mtungi wa kuzimia moto niliuona baadaye, umening'inizwa ukutani nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, mbali na bweni lolote, na kadi yake ya ukaguzi ilikuwa imepauka kiasi kwamba tarehe haikusomeka. Nilimwuliza matroni ule mlango wa pili hufunguliwa wakati gani. Akanijibu kwa adabu zote: "Ule ni wa dharura, Mwalimu. Hatuufungui."

Nilipeleka malalamiko yangu kwa barua nikaahidiwa kwamba yatashughulikiwa. Lakini kilichonishangaza zaidi ni wenzangu tuliokuwa nao. Hapakuwa na mtu asiyeuona mlango ule, maana wengine waliegemeza magodoro yao hapohapo. Walikuwa wakilalamikia bei ya sweta za shule.

Na siwalaumu kama watu waliokosa utu. Wengi wao, nina hakika, waliomboleza Endarasha kwa moyo mweupe. Ila hawakuona kwamba mlango uliokuwa mbele yao ulihusiana na msiba ule, kwa sababu msiba ule waliletewa kama jambo la huzuni lililotokea Nyeri, likaliliwa na taifa zima, likaisha. Ukikaa kinyozi jioni wakati wa muhula wa pili, majira ambapo mitihani ya majaribio inakaribia na shule nyingi huwa na fukuto, utaisikia sauti ya mazoea bila kificho. Taarifa ya habari inaonyesha bweni linafuka moshi, kinyozi hata mashine haisimamishi, anasema, "Wameanza tena." Anayenyolewa anauliza ni shule gani, anatajiwa, na mazungumzo yanarudi kwenye kandanda. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilipata moto nchini, na nakumbuka kwamba kufikia katikati ya mwaka ule watu walikuwa wakitaniana kuhusu shule ipi itafuata. Kwa bahati mwaka ule mabweni mengi yaliungua yakiwa matupu. Tulichukulia bahati ile kana kwamba ni mpango uliopangwa na mtu.

Sehemu ya lawama, kwa heshima zote, ni yenu. Gazeti hupeleka mwandishi na mpiga picha siku moto unapotokea, huwaweka huko mpaka mazishi, kisha huwarudisha wote kwa pamoja. Kwa siku hizo tunapewa habari ambazo mtu aliyesoma magazeti muda mrefu anaweza kuziandika mwenyewe akiwa nyumbani: waziri amezuru shule, makachero wameanza uchunguzi, matokeo ya vipimo vya DNA yanasubiriwa, viongozi wamewataka wananchi kuwa watulivu, hakuna jiwe litakaloachwa bila kupinduliwa. Baada ya hapo kimya. Kesi ya Moi Girls ilisikizwa kwa miaka, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ilimhukumu aliyekuwa mwanafunzi wa shule hiyo kifungo cha miaka mitano kwa kuua bila kukusudia. Ni uamuzi uliostahili kujadiliwa na kila mzazi, mwalimu na mwanasheria: je, mtoto aliyewasha kiberiti ndiye peke yake mwenye hatia mbele ya watoto 10 walioshindwa kutoka? Nilizungumza juu yake na walimu wenzangu wastaafu, watu wanaosoma gazeti kila siku, na wengi hawakuwa na habari kwamba kesi hiyo ilikuwa imekwisha.

Wapo wataalamu wanaosema kwamba moyo wa binadamu umeumbwa hivyo. Mwanasaikolojia Paul Slovic wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, ameitafiti kwa miaka mingi ganzi inayotupata mbele ya idadi kubwa ya wafu na wenye shida. Katika utafiti mmoja aliouchapisha na wenzake mwaka 2007, watu walioonyeshwa habari za msichana mmoja wa Mali mwenye njaa walichanga pesa nyingi kuliko walioonyeshwa takwimu za mamilioni wenye njaa, na wale walioonyeshwa vyote viwili, msichana na takwimu, wakachanga kidogo kuliko walioonyeshwa msichana peke yake. Wanahabari wengi wamelichukua funzo hilo wakaona dawa ni kumtafuta mtu mmoja anayelia na kutusogezea uso wake. Silibishi jambo lililothibitishwa kwa utafiti. Ila katika mikasa yetu ya shule nyuso hizo tumeonyeshwa za kutosha tangu Bombolulu, na tumezililia moja moja, na mlango haujapanuka. Machozi ya kumlilia mtoto mmoja yanaweza kumfanya mtu atoe mchango wa mazishi bila hata mara moja kuuliza bweni lilikuwa na milango mingapi. Takwimu tunazozikosa si za kutisha wala si kubwa kiasi cha kuutia moyo ganzi: futi 5, mita 1.2, mita 2.

Kwamba watu wanaweza kuzoea au kukataa kuzoea naweza kuonyesha kwa mfano wa Marekani hiyohiyo. Desemba 1, 1958, shule ya Our Lady of the Angels, Chicago, iliungua mchana watoto wakiwa darasani. Wanafunzi 92 walifariki pamoja na watawa watatu waliokuwa wakiwafundisha. Jengo lile lilikuwa limepita ukaguzi wiki chache kabla, kwa sababu kanuni mpya za moto za jiji hilo za mwaka 1949 hazikuyagusa majengo yaliyokuwa yamejengwa zamani. Baada ya msiba, huruma ile kwa majengo ya zamani iliondolewa, kanuni za shule zikabadilishwa katika sehemu nyingi za nchi, ving'ora vikaunganishwa moja kwa moja na vikosi vya zimamoto, ngazi zikatiwa milango ya kuzuia moto, na tangu hapo shule za nchi ile hazijawahi kuona tena moto wa kuua watoto kwa kiasi hicho. Lakini nchi hiyohiyo, yenye wazazi walewale na machozi yaleyale, imeshindwa na bunduki. Columbine mwaka 1999, Sandy Hook mwaka 2012 ambako watoto 20 na watu wazima sita waliuawa shuleni, Uvalde, Texas, mwaka 2022 ambako waliuawa watoto 19 na walimu wao wawili. Kila mara bendera zinashushwa, mishumaa inawashwa, na kila mara inasemwa kwamba huu si wakati wa kujadili sheria. Sidhani kwamba wazazi wa Chicago walikuwa na mioyo laini kuliko wa Texas. Walichofanya ni kuendelea kudai majibu ya ngazi, milango na ving'ora wakati maua makaburini yalikuwa yamekwisha kukauka.

Hapa kwetu Pwani mtu akifa huwekwa matanga siku tatu, lakini kabla maiti haijaondoka nyumbani kuna mzee wa ukoo anayesimama mbele ya watu akatangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, ajitokeze, na familia inabeba deni hilo hadharani kabla ya kwenda makaburini. Matanga yakishaondolewa huja arobaini, watu wakakutana tena, na mara nyingi ndipo yanapozungumzwa ya mirathi na ya watoto walioachwa. Dola imeazima kwetu zile siku tatu za kulia ikayaacha mengine yote. Hakuna anayesimama mbele ya majeneza kuuliza ni nani aliyeisajili shule hii, ni nani aliyeikagua mara ya mwisho, na ni nani anadaiwa mlango. Hakuna arobaini ya kitaifa. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi, na mimi niliyehudhuria ibada za namna hii, zenye mahema, vipaza sauti, viti vya wageni waheshimiwa na orodha ndefu ya wanasiasa wa kuhutubia, naielewa methali hiyo kuliko ninavyopenda.

Najua kuna watakaonipinga, na baadhi wana hoja. Wapo wazazi waliofiwa ambao hawataki kupigiwa simu na mwandishi kila mwaka. Wanataka kumkumbuka mtoto wao faraghani, na haki hiyo iheshimiwe. Jambo ninalolidai haliwahitaji wao. Linaihitaji wizara, bodi za shule, wamiliki na mahakama. Wapo pia wanaosema kwamba kuandika sana kuhusu moto wa shule huwachochea wanafunzi wengine kuiga, na mimi kwa uzoefu wangu naikubali hofu hiyo, maana moto wa shule huja kwa makundi, shule moja baada ya nyingine ndani ya wiki chache. Lakini kinachoigwa ni kile kishindo cha kitendo chenyewe, picha za miali usiku, simulizi ya jinsi petroli ilivyopatikana na mlango ulivyofungwa, na hayo ndiyo ambayo vyombo vya habari huyatoa kwa wingi. Sijasikia mwanafunzi aliyechoma bweni kwa sababu alisoma habari ya upana wa mlango. Kuhusu wale wanaosema tu kwamba wamechoka na habari za vifo na sasa wanazima televisheni, sina ugomvi nao. Mtu hawezi kubeba misiba ya nchi nzima kifuani kila jioni, na akilala bila kutazama hajamkosea mtu. Kuna vyombo vinavyolipwa kukumbuka kwa niaba yake, gazeti likiwa kimojawapo.

Ombi langu basi ni dogo. Kila muhula unapofunguliwa, gazeti hili litenge robo ya ukurasa kwa mikasa ya mabweni ambayo bado ina maswali. Pasiwe na picha ya mtu anayelia wala jina la mtoto. Kwa kila shule pachapishwe kesi imefikia wapi, familia zimelipwa fidia au hazijalipwa, ripoti ya uchunguzi imetolewa kwa umma au imefungiwa kabatini, na bweni lililojengwa mahali pa lile lililoungua lina milango mingapi na inafungukia upande gani. Waandishi wenu wa kaunti wabebe utepe wa kupimia, ule wa fundi seremala, waombe ruhusa katika shule moja tu kila muhula, ya serikali au ya binafsi, waandike walichokipima. Na wakikataliwa kuingia waandike kwamba walikataliwa. Habari ya namna hiyo haitauza nakala nyingi, hilo nalifahamu. Lakini mwalimu mkuu atakayeisoma atakwenda kuuangalia mlango wake, na mzazi atakayeisoma atajua la kuuliza siku ya kuripoti, baada ya kumaliza la sweta.

Kwa kuanzia, lipo suala ambalo tayari lina orodha. Novemba 2024 Wizara ya Elimu ilitangaza kufungwa kwa sehemu za bweni katika shule 348 za msingi baada ya ukaguzi uliofuata moto wa Endarasha kuonyesha kwamba hazikutimiza viwango vya usalama. Shule hizo zina majina, zina wamiliki, na zilikuwa na watoto. Ningependa kusoma katika gazeti hili ni zipi zilizorekebisha majengo zikakaguliwa upya, ni zipi zilizofungua bweni kimyakimya kwa idhini ya mtu gani, na watoto waliokuwa wakilala humo wanalala wapi sasa, kwa kuwa baadhi yao, nijuavyo mimi tabia za wazazi wanaofanya kazi mbali na nyumbani, watakuwa wamehamishiwa katika vyumba vya kupanga karibu na shule, ambavyo mkaguzi wa elimu havimhusu kabisa. Mwandishi wenu akitaka kuanza na Kilifi, niko tayari kumtembeza.

Mwalimu mstaafu,
Kilifi